Kugawanya sehemu: kumbe shida ilikuwa kwenye kinachobaki

Wanafunzi wangu hapa Kayole walijua kugawanya sehemu, kama ¾ kwa ½, kwa kupindua ya pili na kuzidisha. Ukiwauliza kwa nini jibu limezidi kile walichogawanya, kimya. Nilijaribu wimbo, nikajaribu michoro ubaoni, wapi!

Kilichosaidia ni jagi la maji na kikombe cha nusu lita. Robo tatu ya lita inajaza vikombe vingapi? Kimoja, inabaki robo. Karibu wote wakaandika 1¼. Hapo ndipo penyewe: robo hiyo ni ya lita, nasi tunahesabu vikombe. Kwa kikombe ni nusu, kwa hiyo 1½. Kisha tukaandika sehemu zote mbili kwa robo: robo 3 gawanya kwa robo 2, yaani 3/2. Kanuni ya kupindua nikairudia baadaye, hakuna aliyebisha.