Sombe ya Bukavu, jikoni Kangemi

Jumapili, saa tatu usiku. Viganja bado vinaniwaka. Nina malengelenge mawili mkono wa kulia, moja limeshapasuka, na chini ya kucha kuna ukijani ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Jana nilitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kwa zaidi ya saa nzima. Nataka kuandika kabla mkono haujapona.

Rafiki yangu wa kazini ndiye aliyenipeleka kwenye darasa la mapishi. Ni Kangemi, chumba cha nyuma ya kanisa: wanafunzi wanane, majiko matatu ya makaa, na mwalimu wetu, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo, anayeishi hapa Nairobi kama mkimbizi. Jina lake silitaji, aliniomba hivyo. Sote tulimwita Mama. Nilipoona lile rundo la majani mezani nilijikuta nacheka kwa furaha. Kisamvu! Mimi ni wa Muheza, Tanzania, nimekulia kisamvu. Nikasema, "Mama, hiki nakijua, kwetu tunakipika kwa nazi." Akanitazama kwa upole, akanikabidhi mchi. "Basi anza wewe."

Majani yalikuwa yamekwisha kuchovywa kwenye maji ya moto, yamelegea. Nikatwanga hadi nikaona yametosha. Akachota kidogo, akayasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Bado. Iko majani hii." Nikatwanga tena. Akasugua tena. Bado. Mara ya nne hakusema kitu, alinishika mkono akaniwekea ule ujiuji kidoleni, nami nikasugua. Haukuwa na uzi hata mmoja. Ulikuwa laini kama unga uliolowa, na harufu yake ilikuwa ya shamba lililonyeshewa mvua asubuhi. Kwetu siku hizi tunapeleka mashineni pale sokoni, tunarudi na mfuko. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jani la muhogo linaweza kufika hapo kwa mkono wa mtu.

Sombe ilipoingia jikoni nikatafuta mfuniko, nikafunika. Mama akaruka. "Usifunike! Sumu itapita wapi?" Jani bichi la muhogo lina sianidi. Ukilitwanga unaifungua, kisha mvuke unaondoka nayo, kwa hiyo chungu hukaa wazi na moto haukatizwi. Mama yangu naye hafuniki kisamvu. Miaka yote nilidhani ni ili kibaki na rangi yake. Sikuwahi kumuuliza, naye amenilisha salama miaka yote hiyo.

Huko kuchemka kunachukua muda, na ndipo maneno yakaanza kutoka. Alisema kutwanga alifundishwa na yaya wake. Wenzangu wa Nairobi wakatazamana, maana hapa yaya ni mfanyakazi wa kulea watoto. Kumbe kwa Kiswahili cha kwao yaya ni dada au kaka mkubwa. Ni dada yake, ambaye mpaka leo yuko Bukavu. Niliandika neno hilo kwenye daftari, pamoja na mbabula, ambalo ni jiko la makaa, na bugali, na lengalenga, ambao ni mchicha. Lugha ni yetu sote, ila nilikuwa naisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya shangazi yake kwa mara ya kwanza. Vyombo anavijua, ila hajui vinakaa kabati gani.

Kijana mmoja akamuuliza vita vilianzaje. Mama akamwomba amenye vitunguu.

Hakusema kwa ukali. Lakini niliona aibu, kwa sababu swali hilo lilikuwa kinywani mwangu pia. Nilichokuwa nakijua kuhusu Bukavu ni kwamba waasi wa M23 waliingia mwezi wa Februari 2025, wiki chache baada ya kuuteka Goma. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, nikapitisha kidole, nikaendelea na safari. Mji mzima niliujua kwa wiki moja tu ya maisha yake, tena ile mbaya. Jana nilikuwa nimekaa mbele ya mtu ambaye wiki hiyo alikuwa anapiga simu ya dada yake usiku na mchana.

Baadaye, bila kuulizwa, akavuta sinia. Akalitandaza unga wa muhogo, akachora kwa kidole. Hili ziwa Kivu. Huku juu Goma. Hapa katikati kisiwa cha Idjwi. Huku chini Bukavu, na akakandamiza vidole vyake vitano kwenye unga, maana mji wenyewe umeingia ziwani kwa rasi kama mkono uliokunjuliwa. Kutoka hapo akavuta mstari kuteremka: mto Ruzizi, unaotoka Kivu na kwenda kumwaga Tanganyika. "Na hapa," akagusa ukingo wa sinia, "ni kwenu, Kigoma." Ndipo akatueleza sambaza, samaki wadogo wa Kivu, ambao asili yao ni Tanganyika, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi wao hutoka usiku na mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa, na nyimbo. Alipokuwa mdogo, alisema, akitazama dirishani usiku alidhani kuna mji mwingine katikati ya maji, na kila mara alimwomba yaya wake ampeleke huko.

Kisha akaukusanya ule unga, ziwa na Bukavu na vyote, akautia kwenye maji yanayochemka.

Bugali ya muhogo haina huruma. Inavuta, inang'ang'ania mwiko, na ukisita kidogo inakushinda. Nilishika sufuria kwa miguu, nikasonga kwa mikono miwili, jasho linanitoka na lengelenge moja linapasuka. Wakati huohuo wenzangu walikuwa na kazi ya mawese: baridi ya Nairobi ilikuwa imeyagandisha chupani, wakayayeyusha kwenye maji moto. Mama alisema hata Bukavu ni hivyohivyo, kule juu ni baridi, chupa ya mawese hukaa jirani na mbabula. Yalipomiminwa, sombe ikabadilika mbele ya macho yetu, ile kijani nzito ikapata mng'ao mwekundu pembeni. Zikaingia bilinganya, vitunguu, pilipili, na omena badala ya samaki wa kwao.

Kabla hatujala Mama alipiga picha chungu, akamtumia dada yake. Jibu lilikuja kwa sauti, na akaiweka kwa spika tuisikie. Swali lilikuwa moja tu: "Nani ametwanga?" Mama akanisogezea simu. Nikasema, "Ni mimi, yaya." Upande wa pili ukimya kidogo, kisha ujumbe mwingine, kicheko kirefu, na "aksanti, aksanti sana."

Chakula kilibaki kingi mno. Tulikuwa watu tisa na kingewatosha ishirini. Rafiki yangu alimwambia Mama kwamba wiki ijayo apunguze, asiingie gharama. Mama akasema anajaribu, ila mkono wake umezoea kipimo cha nyumba ya baba yake, ambako walikuwa wakila watu kumi na saba. Akatupakulia kila mmoja kwenye bakuli la plastiki la kurudi nalo nyumbani.

Langu liko hapa mezani, nimelimaliza leo mchana, nimelisafisha. Nimempigia mama Muheza kumwambia yote, na jinsi ambavyo sasa najua kwa nini hafuniki. Akasema, "Bakuli la watu hurudishi tupu." Kesho asubuhi anampa kondakta wa basi nazi sita.