Treni yenye gia kama basi la mkoa

Jamani, jana shemeji alinipeleka Swanage, pwani ya kusini mwa Uingereza. Mimi nilitaka bahari tu. Tukaishia kwenye treni kuukuu ya dizeli, Class 117!

Hizi zilitengenezwa na kampuni ya Pressed Steel kuanzia 1959 kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakiingia na kutoka London kupitia stesheni ya Paddington. Mabehewa matatu, na hakuna kichwa cha kuvuta: injini zimelala chini ya sakafu, mbili kwenye behewa la mbele na mbili kwenye la nyuma, kila injini nguvu farasi 150. Karibu kila safu ya viti ina mlango wake, ili umati ushuke fasta asubuhi. Ukiufunga, paaa! Mlio unasikika stesheni nzima.

Mimi niliwahi kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Kuna kioo, unaona reli yote inavyokuja. Halafu dereva anabadilisha gia! Sikujua treni ina gia. Injini inanguruma, anaachia mafuta, kimya kidogo, gia inaingia, sakafu inatetemeka mpaka nyayoni. Nikakumbuka basi la mkoa likipandisha mlima, ila hapa hakuna kuku chini ya kiti.

Pale kijiji cha Corfe, njiani, magofu ya ngome yakatokea juu ya kilima. Watu wote simu juu. Mimi macho kwenye mkono wa dereva, nasubiri gia ya tatu. Shemeji kanicheka mpaka tunashuka. Bahari yenyewe sijaipiga hata picha moja 😂