Kutoka Mount Airy hadi Galax, Nikiifuata Banjo

Niliondoka Mount Airy, North Carolina, asubuhi moja ya Agosti, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, nikashika Barabara ya 89 inayopanda kuelekea Galax, Virginia. Safari yenyewe ni fupi, lakini hupitia Toast na Lowgap, karibu na kilima cha Round Peak, na kwa anayeipenda banjo ya kizamani, ile ala ya nyuzi tano yenye ngozi iliyowambwa kama ngoma, hapo ndipo penyewe. Toast ndiko alikoishi Tommy Jarrell hadi alipofariki mwaka 1985, mpiga fidla na banjo ambaye vijana walitoka mbali kumfuata nyumbani kwake ili wajifunze, naye akawapokea.

Kabla ya kufika Galax niliingia kwa mzee mmoja anayetengeneza banjo kwa mkono katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Alinipa shingo ya mti wa jozi aliyokuwa ameichonga na kuipiga msasa, laini kama mpini wa jembe la siku nyingi. Haikuwa na vile vipande vya chuma vinavyogawa sauti. Kidole huteleza kwenye ubao mtupu, kama kilivyoteleza kidole cha babu yangu kwenye zeze lake kule Dodoma. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imelowekwa ndani ya ndoo hadi ikalegea kama kitambaa. Aliitandaza juu ya duara la mbao, akaivuta kidogo kidogo pande zote, kisha akaibana kwa pete. Akanionya kwamba ngozi mbichi haikazwi sana, kwa kuwa inapokauka hujivuta yenyewe, na ikizidishiwa hupasuka.

Nililolifuata hasa, hata hivyo, ni uzi wa tano. Ni mfupi kuliko wenzake, kigingi chake kiko ubavuni mwa shingo wala si kichwani, na huchezwa kwa dole gumba huku ukucha wa kidole kingine ukizipiga nyuzi nyingine kwa kushuka. Wajola wa Gambia na Senegali hupiga akonting yao hivyo hivyo: kibuyu, ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, mmoja mfupi wa dole gumba. Mchoro mmoja wa South Carolina wa mwishoni mwa karne ya 18 unamwonyesha mtumwa akipiga banjo ya kibuyu, na uzi mfupi tayari upo. Ndiyo maana huniuma ninaposikia muziki huu ukitajwa kana kwamba ulizaliwa kwa wazungu wa milimani peke yao, ilhali huko huko North Carolina, Joe Thompson na binamu yake Odell, watu weusi, waliushika hadi uzeeni.

Galax nilifika jioni. Mashindano ya wapiga fidla hufanyika huko tangu mwaka 1935, katika uwanja wa Felts Park, lakini mimi nilivutwa zaidi na mahema, ambako watu wasiojuana huketi duara na kurudia wimbo mmoja robo saa nzima bila mtu kujitokeza mbele. Mvua ilinyesha kidogo, ngozi zikalegea, sauti zikafifia. Mama mmoja aliisogeza banjo yake karibu na taa yenye joto, akasubiri, akaigonga kwa ukucha, akasubiri tena. Ilipoitika, akamtazama mwenye fidla, wakaanza.