Pesa za ukame zije ng'ombe akiwa bado amesimama

Ng'ombe akiangushwa na njaa, humwachi alale. Asubuhi mnamwendea watu wanne au watano. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, waliobaki wanapitisha fito chini ya tumbo, mnamwinua. Akipata cha kula, huenda akasimama mwenyewe. Asipopata, kesho mnamwinua tena. Baba husema asubuhi ya tatu unainua ngozi.

Nimewainua kwa mikono yangu Desemba 2022, shule zikiwa zimefungwa, nyumbani kwetu Merti, kaunti ya Isiolo, Kenya. Kwa hiyo redioni wakianza kuzungumzia pesa za serikali kwa wafugaji, mimi hutega sikio nijue zitafika mwezi gani.

Kuna mwaka zilifika mapema. Baba aliwahi kuwa kwenye KLIP, ile bima ya mifugo ya serikali iliyoanza Oktoba 2015 huko Turkana na Wajir, kisha ikaenea hadi kwetu. Ada yote ililipwa na serikali, ila kwa ng'ombe watano tu, au mbuzi hamsini, maana mbuzi kumi huhesabiwa kama ng'ombe mmoja. Hakuna aliyekuja kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, malipo hutoka. Wazee walibisha sana: kitu kilicho huko juu kitamjuaje ng'ombe wangu? Wasiwasi wao una msingi, kwa sababu mathenge, ule mti wa miiba, hubaki kijani hata ng'ombe wakifa pembeni yake. Lakini katika ukame wa 2017 pesa ziliingia wanyama wakiwa na nguvu. Baba alinunua marobota ya nyasi kutoka Timau na dawa ya minyoo, akauza fahali wawili kabla bei haijaporomoka. Tulikuwa na ng'ombe 26. Kumi na saba walivuka.

Ukame uliofuata ulikuwa mwingine kabisa. Mvua zilikatika misimu mitano mfululizo. Rais alikuwa ameutangaza kuwa janga la kitaifa tangu Septemba 2021, na hadi ulipokwisha nchi ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Baba hakuwa na bima tena. Agosti 2022 watu walikuja na daftari, wakaketi chini ya mgunga, wakaandika majina, namba za vitambulisho na za simu. Pesa zitafika baada ya wiki sita, walisema.

Ujumbe wa pesa uliingia mwishoni mwa Machi 2023. Mimi ndiye niliyemsomea Baba. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimesoma vizuri.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki moja kabla. Asiyefuga hawezi kujua hili: mvua ya kwanza baada ya ukame huua. Ng'ombe aliyebaki mifupa hastahimili usiku mmoja wa baridi na maji. Tulikuwa tumebakiwa na sita. Kulipokucha walikuwa wawili.

Nimeambiwa nishukuru, kwamba hata kifuta machozi ni kitu. Nashukuru kwa mambo mengi. Zile shilingi 5,400 za HSNP, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, ambazo shangazi yangu hupata kila miezi miwili zimelisha watoto wake, na sitasema neno baya juu ya pesa hizo. Ila pesa ya kuokoa mifugo ina msimu wake kama mbegu. Oktoba 2022 robota la nyasi lilikuwa shilingi 400. Kwa shilingi 4,000 ungepata marobota kumi, na marobota kumi yangemlisha ng'ombe mmoja wa maziwa kwa wiki kadhaa. Machi, pesa ileile ilinunua unga, sukari na mafuta, ikaisha. Aliyepitisha fungu hilo hakutoa hata senti moja pungufu kwa sababu ya kuchelewa. Ni sisi tuliopungukiwa.

Jana Baba alinipigia. Wamepita tena kuandika majina, na safari hii amewauliza yeye mwenyewe, mbele ya watu: "Mtaleta mwezi gani?" Mmoja aliandika swali hilo kwenye daftari.