Siku moja maishani mwangu: narusha mpira wa kriketi kwa kasi, na msimu ukisimama niko nyumbani Mtwara

Saa 11 alfajiri

Adhana inalia niko macho tayari. Kabla ya kuswaki, kabla ya kushika simu, nalala chali kwenye mkeka nakunja goti moja moja kifuani nausikilizia mgongo, hasa chini upande wa kushoto. Mi narusha kwa mkono wa kulia na sisi wa kulia wengi tunaumizwa hapo kushoto, pingili za chini za uti wa mgongo zinapata ufa mdogo mdogo, haukuji siku moja ule, unajengeka taratibu mpaka siku unainama kuvaa soksi unashindwa. Leo pametulia, alhamdulillah.

Kwa asiyenijua, kriketi ndo kazi yangu. Kuna klabu Dar inanilipa kwa msimu, msimu ukiisha napanda basi narudi kwetu kujiandaa. Kwenye timu kuna wanaorusha mpira taratibu wa kuzunguka na kuna sisi wa kasi. Watu wakisikia kasi wanawaza Shoaib Akhtar wa Pakistan aliyepimwa kilomita 161.3 kwa saa kwenye Kombe la Dunia 2003, sawa ile ni kasi ya kutisha, ila kazi ya kila siku sio hiyo. Kazi ya kila siku ni kurudia kitu kilekile, sehemu ileile, na mwili ubaki mzima.

Saa 12 asubuhi

Ufukweni Shangani, maji yametoka, mchanga uliolowa umeshikana vizuri, hapo ndo nakimbilia. Nakutana na wamama wanaenda kuchokoa pweza, nawapa shikamoo zao, "marahaba mwanangu, kuchele!" wanapita zao. Nakimbia taratibu kwanza af vipande vifupi vya kasi, kwa sababu mrushaji wa kasi anakimbia hivyo hivyo, anatoka mbali anashambulia anarudi anatembea, anatoka tena. Ova moja ni mipira 6. Kwenye T20, zile mechi fupi za ova 20 kila timu, mrushaji mmoja mwisho ova 4, ila kwenye mechi za Test za siku tano hamna kikomo, kapteni anaweza kukuita asubuhi akakuita tena jioni miguu imeshakufa.

Saa 2 hadi saa 4

Hii ndo ofisi. Mtwara mi sina pichi ya kriketi ya kujifanyia mazoezi, ila kuna shule wameniruhusu nitumie kiwanja chao cha sakafu ya sementi watoto wakiwa darasani, nashukuru sana. Napima kwa futi kamba mita 20.12, ndo umbali wa wiketi kwa wiketi, yaani ile miti mitatu anayoilinda mpigaji na mrushaji anataka kuigonga, nasimamisha ya kwangu kwenye debe la mchanga, nyuma nafunga nyavu chakavu waliyonipa wavuvi wa Mikindani maana mpira wenyewe ukiupoteza hapa huna duka la kwenda kununua mwingine, mpaka uagize Dar.

Af natandika gunia la korosho chini, mita 6 hadi 8 kutoka kwenye zile wiketi za mpigaji. Hapo ndo mpira unatakiwa udunde. Ukidunda karibu zaidi na mpigaji anauendea mbele anauchapa, ukidunda mbali naye anapata muda wa kurudi nyuma kuusoma, ukidunda kwenye gunia anabaki hajui aende mbele au arudi, na ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Nikipatia nasikia pu, sauti nzito ya gunia. Nikikosa inalia sementi, paa! Siku hizi hata siangalii, nasikiliza tu.

Vidole viwili juu ya mshono wa mpira, gumba chini, mshono umesimama umeelekea pembeni kidogo. Upande mmoja wa mpira naung'arisha kwa suruali mwanzo mwisho, wa pili nauacha uchakae wenyewe, ndo maana mpira unakata kona hewani. Na msimu huu wa kusi upepo unatoka baharini unapiga kiwanja kwa ubavu, nikirusha upepo ukiwa mgongoni upande wa kulia mpira unasukumwa zaidi, najisikia raha kweli.

Ile hatua ya mwisho ndo penye kazi yenyewe. Mguu wa kushoto ukitua mbele unabeba mara 5 ya uzito wako au zaidi, kwa mpira mmoja, na papo hapo kiwiliwili kinajikunja pembeni na kujizungusha. Nyonga zikiangalia mbele wakati mabega yameangalia pembeni, basi uti wa mgongo ndo unalipia. Kocha wetu hilo anatuimbia kila siku, nyonga na mabega viangalie sehemu moja. Dennis Lillee wa Australia mgongo ulimpasuka 1973, akajijenga upya, akaubadilisha mwendo wake, akarudi na akastaafu na wiketi 355 za Test, yaani kawatoa wapigaji mara 355, rekodi ya wakati ule. Bumrah wa India kakosa Kombe la Dunia la T20 2022 kwa mgongo, akapasuliwa 2023, na 2024 India wanachukua kombe yeye ndo mchezaji bora wa mashindano. Hao nawataja kila kijana akiniambia yeye mwili umeshamgomea, kamaliza.

Leo ratiba inasema ova 6. Ya sita ikiisha mwili umepata moto, mpira unatii, natamani niendelee mpaka adhuhuri, naacha. Naandika kwenye daftari naondoka. Wengi wanaumia wanapoongeza mzigo ghafla, wiki hii kidogo wiki ijayo mara mbili, kwa hiyo daftari ndo bosi wangu.

Saa 5

Kwa fundi viatu soko la Chikongola. Mguu wangu wa kulia huwa unaburuzika wakati narusha, ncha ya kiatu inasugua sementi mpaka soksi inachungulia. Babu kakishika kakigeuza geuza, "mjukuu wangu, huu wa kulia una deni na nani?" Akachukua kipande cha tairi, akakichonga kwa kisu mpaka kikalala sawa na pua ya kiatu, gundi, akangoja, af shazia na uzi wa nailoni tundu moja moja mpaka anaufikia upinde wa kidole kidogo, uzi anaupitisha kwenye nta kwanza ndo usiingize maji. Kiatu cha kushoto nina tundu nimekata mwenyewe pale kwenye kidole gumba, maana mguu ukitua kwa nguvu unateleza mbele na kucha inagonga mpaka inageuka nyeusi. Babu alitaka kuliziba na lenyewe nikamzuia, hilo babu liache hivyo hivyo. Kazi yake ni safi kabisa, viatu vya dukani vya bei mbaya pua yake haidumu hivi.

Saa 7 mchana

Ugali wa muhogo, changu wa nazi. Mama anakula pole pole akaniuliza, "mwanangu, hii kazi unaifanya mpaka lini?"

Nikamwambia mama kuna Muingereza, James Anderson, kaanza Test 2003, kastaafu 2024 ana miaka 41 na wiketi 704, hamna mrushaji wa kasi aliyewahi kufika hapo.

"Huyo mmoja. Wengine je?"

Wengine mama wanaishia thelathini na kitu. Wengine mgongo unawatoa ishirini na tano hawajafika. Kanyamaza kidogo af akanisogezea kichwa cha samaki, akasema basi hela ya msimu huu tununue matofali kabla hujanunua kitu kingine. Tumekubaliana. Nikalala saa nzima, na usingizi wa mchana kwangu ni sehemu ya ratiba kama kukimbia.

Saa 10 jioni

Vijana wa mtaani washafika. Mpira wa ngozi siwapi bado, una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu, tunatumia wa tenisi tumeuzungushia tepu ya fundi umeme, Pakistan vijana wa mtaani wanajifunzia huo huo, ukifunga tepu upande mmoja tu unakata kona vibaya mno.

Shida ya watoto wetu wamekulia kupopoa maembe, kwa hiyo wana mkono wa nguvu ila kiwiko kimekunjwa. Kriketi haitaki, kiwiko kikinyooka zaidi ya nyuzi 15 wakati wa kurusha ni kosa. Kuna mmoja hivi, mrefu mwembamba, nikamwambia anza mkono umenyooka tayari, upitishe karibu na sikio mpaka ulisikie bega linagusa shavu, usirushe, zungusha tu. Mara ya kwanza mpira ukaenda barabarani. Akaufata, akarudi, akazungusha tena, ukadunda pembeni ya gunia ukaruka kifuani kwa mwenzie. Wote wakapiga kelele! Nikawaambia nyie mnajua Tanzania ya kriketi ya chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la umri huo la 2026, mara ya kwanza katika historia? Wakaniuliza na sisi tunaweza. Mnaweza ndio, na nasema kwa moyo mmoja, urefu huo na mikono hiyo ya Kusini haitakiwi iishie kwenye maembe.

Saa 1 usiku

Barafu nanunua kwa wauza samaki, naivunja kwenye beseni, miguu ndani mpaka ganzi inaingia. Af mazoezi ya tumbo na mgongo ukutani, daftari, kulala mapema. Kesho sirushi hata mpira mmoja, nakimbia na kunyanyua vyuma tu.

Mzazi uliye Shangani, Magomeni, Ligula, popote hapa mjini, una mtoto mwenye mkono mrefu na hatulii nyumbani, mlete saa 10 kwenye kile kiwanja cha sementi. Viatu sio lazima, tepu na mipira ninayo.