Nyamanza wa sebuleni

Leo ni siku ya kumi na moja. Nikifungua mlango saa kumi na mbili asubuhi nitoe mbabula, jiko letu la makaa, yeye ameshafika: ndege mwembamba, mweusi kwa mweupe, mkia hautulii hata akisimama. Haingii kwa kuruka. Anatembea. Anavuka kizingiti, anakata sebule kwa hatua fupi za haraka, anadona nzi chini ya meza, kisha anaelekea kwenye kabati lenye kioo.

Hapa Goma wengi tunamwita nyamanza, jina la Kinyarwanda. Huko ziwani, wanapoanika sambaza, wale samaki wadogo, hakosekani, maana chakula chake ni wadudu, na sambaza huita nzi. Kumwona nje nimezoea tangu utoto. Ndani ya nyumba ni jambo jingine.

Siku ya kwanza nilimkimbiza na ufagio, na hadi sasa najuta. Ndege aliyeshtuka haoni mlango, anaona mwanga tu. Alipanda hadi kwenye mabati, akazunguka, akajitupa dirishani. Ule mlio mdogo wa mwili kugonga kioo! Nilimwokota sakafuni, macho nusu yamefumba, mdomo wazi. Mkononi hakuwa na uzito wowote, ila moyo wake niliusikia kwenye vidole vyangu, unakimbia kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikamweka ndani ya katoni ya sabuni yenye matundu, juu yake kitambaa, nikaipeleka chumbani kwenye giza na ukimya. Sikumpa maji, ndege aliyezimia ukimtilia maji mdomoni anaweza kupaliwa. Baada ya saa moja nikasikia kucha zikikwaruza katoni. Nikaifungulia uani, akaondoka bila kugeuka.

Kesho yake akarudi.

Koko, bibi mzee wa kiwanja cha jirani, aliyetoka Masisi zamani, alinikuta mlangoni na ufagio tena mkononi. "Mama, nyamanza hatumufukuzake," akaniambia. "Ule ni ndege wa nyumba." Akanieleza kwamba watu wa ukoo wa Bagesera humhesabu kuwa ndege wao, na kwamba kwao kumdhuru ni mwiko. Mimi sitegemei ndege aniletee baraka, lakini nilirudisha ufagio nyuma ya mlango.

Tangu hapo namtoa hivi: nafunga mapazia yote, nazima taa, naacha mlango wa mbele wazi kabisa, halafu natoka mimi mwenyewe. Dakika mbili, tatu, anafuata mwanga, yuko nje. Kazi ngumu ni kuwazuia watoto wasichungulie.

Kioo cha kabati ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi. Alikuwa anakirukia, anakidona, anapumzika, anarudi tena, huku ameacha alama za mdomo na mavi hadi kwenye shati la shule la mtoto. Hakuwa anajipenda, alimwona nyamanza mwingine ndani ya eneo lake, mkaidi asiyekimbia. Mnyama kupigana na kivuli chake mpaka achoke, hilo sikuweza kulitazama. Nikafunika kioo kwa kitenge cha zamani, na vita vikaisha siku ileile.

Lakini kuingia hakuacha, na juzi nikajua sababu. Nyumba yetu ni ya mbao, imesimama juu ya mawe ya lava ya volkano Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002, na mawe yale hayako sawa. Upande mmoja mbao na mabati vimeachana upana wa kiganja. Nilipanda kwenye kiti. Majani makavu, nyuzi za gunia la makala ya kupikia, manyoya, na katikati yake mayai matatu yenye madoadoa. Mwenzake alikuwa dirishani, mdomoni ana mdudu, ananipigia kelele. Nikashuka taratibu.

Mume wangu alikuwa ameshakata kipande cha ubao cha kuziba pale, kwa sababu mvua inaingia, na ni kweli inaingia. Jana usiku tulizungumza. Mayai hulaliwa kama wiki mbili, na vifaranga hukaa kiotani wiki mbili nyingine hivi. Alinyamaza kidogo, akauliza kama tuna beseni la ziada. Beseni sasa liko chini ya ile nafasi, kipande cha ubao kimeegemea ukuta, na misumari imerudi kwenye kopo la maziwa juu ya kabati.