Saini ya baba mzazi haitoshi: kumwasili mtoto wa mkeo ukiwa Texas

Hali yenyewe huwa hivi. Mama anaishi Houston au Fort Worth na mume wake wa sasa. Baba mzazi wa watoto yuko Mwanza, Mombasa au Bukavu. Amekubali kwa simu kwamba mume huyo awachukue watoto wawe wake kisheria, yaani awaasili, na ametuma barua yenye saini yake na muhuri wa serikali ya mtaa. Familia inaona kazi imekwisha, kumbe haijaanza.

Kwa sheria ya Texas, baba hawezi kujivua ubaba. Anayemvua ni jaji, na jaji hutaka ushahidi wa wazi na wenye kushawishi wa mambo mawili: kwamba ipo sababu inayotambuliwa na sheria, na kwamba hatua hiyo ina manufaa kwa mtoto. Saini ya baba, ikiwa imewekwa sawasawa, inatimiza lile la kwanza tu. La pili linategemea nani anakuja kusimama mahali pake. Baba anayetaka tu kukwepa matunzo, huku hakuna anayemwasili mtoto, mara nyingi ataondoka mahakamani akiwa bado baba, na kwa maoni yangu ndivyo inavyopaswa kuwa, maana mtoto hapaswi kupoteza msaada wa mzazi mmoja bila kupata kitu. Ndiyo sababu maombi mawili huunganishwa katika jalada moja: la kukomesha haki za baba mzazi na la kuasili.

Kabla ya yote, angalieni ndoa yenu. Baba wa kambo anaasili kwa kuwa ni mume wa mama, na mama analazimika kujiunga naye katika ombi. Mama hasaini kuachia chochote, haki zake zinabaki zilivyo. Ukiona fomu inayomtaka mama naye aachie haki zake, hiyo ni fomu ya kesi nyingine, iache. Kama mna ndoa ya kimila au nikahi isiyo na cheti cha serikali, nendeni kwanza kwa karani wa kaunti. Texas inakubali wanandoa waliokubaliana kuwa mume na mke, wanaoishi pamoja humo na kujitambulisha hivyo mbele za watu, waandikishe ndoa yao kwa tamko la kiapo.

Halafu hakikisheni baba kisheria ni nani. Mwanamume aliyekuwa mume wa mama wakati mtoto anazaliwa anahesabiwa kuwa baba, hata kama walikuwa wametengana miaka. Vivyo hivyo mtoto akizaliwa kabla ya siku ya 301 tangu ndoa kuvunjika. Kwa hiyo mama aliyemwacha mume wa kwanza bila talaka rasmi, akazaa na mwingine, anaweza kuwa na wanaume wawili wa kushughulikiwa katika kesi moja. Mwenye kuachwa nje ya jalada anaweza kuja kulitikisa baadaye.

Sasa hati yenyewe. Inaitwa hati ya kiapo ya kuachia haki za mzazi kwa hiari. Haisainiwi kabla mtoto hajatimiza saa 48 tangu kuzaliwa. Inataka mashahidi wawili wa kuaminika, na msainiji aape mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Ndani yake ziwemo taarifa za baba na za mtoto, tamko kama baba ana amri ya mahakama ya kulipa matunzo, tamko kuhusu mali ya mtoto, na maneno kwamba ameelezwa haki na wajibu anaouachia. Baba apewe nakala palepale anaposaini.

Muda ndio unaowakwamisha wengi. Hati ya kumwachia baba wa kambo inaweza kughairiwa, isipokuwa yenyewe iseme wazi kwamba haighairiki kwa muda fulani, na muda huo hauzidi siku 60. Ikiachwa iwe ya kughairika, baba anaweza kujitoa kabla ya siku ya 11 tangu kusaini. Hakuna faida ya kumsainisha Januari wakati kesi itasikilizwa Agosti. Andaeni kwanza yale mengine yote, mpate tarehe, ndipo baba asaini, ili jaji aikute hati ikiwa bado ndani ya siku zake.

Aliye Afrika asaini katika ubalozi wa Marekani, kwa miadi, kitengo cha huduma za viapo. Ada ni dola 50 kwa kila muhuri, kwa hiyo wakili wako ahesabu mapema ni kurasa zipi zinahitaji muhuri. Aende na pasipoti yake na mashahidi wake mwenyewe, asitegemee kuwapata pale, na asiisaini hati nyumbani, kwa sababu ofisa lazima amwone akisaini. Kwa anayeishi Bukavu au Goma, Kigali ni karibu kuliko Kinshasa.

Kuna jambo la lugha, nalo nalisisitiza kuliko yote katika hati hii. Baba asiyesoma Kiingereza apewe tafsiri kamili ya Kiswahili au Kifaransa, na mtafsiri aape kwamba ameitafsiri kwa usahihi. Hati ya namna hii ikishapita, inaweza kupingwa kwa ulaghai, shinikizo au kulazimishwa tu, na amri ya jaji haiguswi tena baada ya miezi sita. Lakini ndani ya miezi hiyo, baba aliyesainishwa karatasi asiyoielewa ana hoja nzito. Zaidi ya kesi, ni haki yake kujua anachokiacha. Mweleze kwa maneno yasiyo na pazia: hii si barua ya kusafiria, si ruhusa ya shule, baada ya hapa kisheria yeye si baba wa mtoto huyu.

Wala usimpe pesa ili asaini. Kutoa au kupokea malipo ili mtoto aasiliwe ni kosa la jinai Texas. Hata nauli ya kwenda ubalozini, wakili ajue kabla hujaituma.

Baba akikataa au asipojulikana alipo, njia ipo, ila ni ndefu na ya gharama. Sababu inayotumika sana ni kushindwa kumtunza mtoto, kwa kadiri ya uwezo wake, kwa mwaka mzima unaoishia ndani ya miezi sita kabla ya kufungua kesi. Wengi husoma maneno "hajatunza mwaka mzima" na kuruka "kwa kadiri ya uwezo wake". Mtu asiye na kipato katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hajashindwa kwa maana hiyo ya sheria. Lazima uonyeshe kwamba katika miezi hiyo 12 alikuwa na uwezo na hakutoa: kazi, biashara, nyumba anayojenga. Asipopatikana kabisa, mahakama itataka kuona mlivyomtafuta, kwa hiyo tunzeni ujumbe wa WhatsApp, namba zilizopigwa, majina ya ndugu mliowauliza. Akiitwa kwa tangazo, mahakama itamteulia wakili wa kumsemea, na gharama ya wakili huyo kwa kawaida huwaangukia ninyi.

Watoto waliotoka nje ya Marekani karibuni wana sharti lao: kwa kawaida mahakama ya Texas haina mamlaka mpaka mtoto awe ameishi humo miezi sita. Kama kuna amri ya malezi iliyotolewa na mahakama ya Kenya au Tanzania, itajeni tangu mwanzo. Sheria inaihesabu nchi ya kigeni kama jimbo jingine, na amri iliyofichwa ikijitokeza katikati inasimamisha kila kitu.

Kesi ikishafunguliwa, baba wa kambo huchukuliwa alama za vidole ili kumbukumbu zake za jinai zikaguliwe. Mtathmini hutembelea nyumba na kuzungumza na kila mmoja. Mtoto huweza kuteuliwa wakili wake. Awe ameishi na mwombaji miezi sita, ingawa jaji anaweza kusamehe hilo. Mwenye miaka 12 au zaidi huulizwa ridhaa yake na huhudhuria, na hapa nawaomba wazazi wasimfundishe la kusema. Ripoti ndefu ya afya na historia ya ukoo haitakiwi kwa baba wa kambo.

Someni rasimu ya amri kabla haijasainiwa, hasa sehemu mbili. Kwanza mirathi: kwa kawaida mtoto anabaki na haki ya kumrithi baba yake mzazi, isipokuwa amri iseme vinginevyo. Kama kuna shamba la ukoo Kagera au Kilifi, mahakama ya huko itafuata sheria zake, lakini msimwondolee mtoto haki yake kwa sentensi ambayo hakuna aliyeiona. Pili jina: kuasili hakumlazimishi mtoto kubadili jina. Hubadilishwa likiombwa tu. Familia za Kiislamu zinazoshika agizo la kumwita mtoto kwa baba yake zinaweza kuliacha jina lilivyo, na amri ikabaki na nguvu yake yote. Na kama baba ana malimbikizo ya matunzo, kuachia haki peke yake hakuyafuti.

Linabaki suala la makaratasi ya uhamiaji na uraia, ambalo ndilo huwasukuma wengi na ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Kumleta mtoto wa kambo hakuhitaji kumwasili: fomu I-130, ile ya kumwombea jamaa uhamiaji, inatosha ikiwa ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Lakini mtoto wa kambo hapati uraia kupitia baba wa kambo aliye raia. Ataupata mama yake mzazi akiwa raia, au baba wa kambo akimwasili. Kwa njia ya kuasiliwa, awe ameasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16 (kuna nafasi hadi 18 kama ndugu yake wa damu aliasiliwa na mzazi huyohuyo kabla ya 16), awe na grini kadi, na zipatikane miaka miwili ya ulezi wa kisheria na miaka miwili ya kuishi pamoja, yote kabla ya miaka 18.

Fanyeni hesabu hiyo kwa kalenda mkononi. Miaka ya kuishi pamoja kabla ya kuasili inahesabika. Ulezi wa kisheria hauanzi siku mlipohamia nyumba moja, huanza siku ya amri ya mahakama. Mtoto aliyeasiliwa akiwa na miaka 15 na nusu anatimiza miaka miwili akiwa na 17 na nusu, na amepona. Aliyeasiliwa wiki moja baada ya kufikisha 16, bila ndugu wa kumvuta, njia hii imemfungia, na linalobaki ni uraia wa mama kabla mtoto hajafika 18. Kesi ikikwama kwa saini ya baba, tarehe ya kuzaliwa haisubiri, hivyo kwa mtoto wa miaka 14 anzeni mwaka huu.

Siku ya amri, ombeni kwa karani nakala zilizothibitishwa tatu au nne. Moja ni ya ofisi ya Hifadhi ya Jamii, moja ya ombi la cheti kipya cha kuzaliwa ikiwa mtoto alizaliwa Marekani, moja ya pasipoti au fomu N-600, yaani ombi la cheti cha uraia. Pasipoti ni nafuu na ni ya haraka zaidi, na kwa mtoto aliyetimiza masharti ni uthibitisho wa uraia wake.